Mrejesho: Skrini ya gofu imekaa, na gari linalala ndani

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mwezi uliopita niliwauliza nitafungaje skrini ya simulata ya gofu (kitambaa unachokipigia mpira ndani ya nyumba, huku projekta ikikimulika picha ya uwanja) kwenye banda la gari, hapa Raskazone, Tanga, bila gari kulala nje. Nimefunga, inafanya kazi. Ahsanteni sana.

Kosa langu la kwanza: niliivuta ikakaza kama ngoma, nikitaka picha ya projekta itulie. Mpira wa gofu hauzidi gramu 45.93, lakini ni mgumu kama jiwe. Wa kwanza tu ulirudi kwa kasi ukapita kando ya goti langu, na mwanangu alikuwa amekaa nyuma yangu. Nilizima kila kitu siku ile.

Aliyeniambia "ilegeze kaka, iache ipumue" alisema kweli. Sasa inaning'inia kwa ndoano kwenye bomba la juu, pembeni nimeishikiza kwa mipira ya kufungia mizigo ya pikipiki, chini imelegea. Nyuma nimeacha sentimita 40 hadi ukutani. Mpira ukigonga, kitambaa kinabonyea, kinaumeza, kisha unadondoka pu! Picha ina mikunjo kidogo, nimeikubali. Mabomba nimeyavisha sponji, maana mpira ukigonga chuma hujui utaelekea wapi.

Kuivua ni dakika 5: nafungua ile mipira ya pembeni, naishusha, naikunja kama mkeka. Ndoano mbili zimeshaanza kutu kwa chumvi hii ya bahari. Nazibadilisha Jumamosi, na zilizobaki nitazipaka grisi.