Mjadala: Je, mchango wa bima ya afya upangwe kwa hatua zinazohesabiwa na saa ya mkononi?

Ndugu wachangiaji, wanaotaka bima ipandishe au ipunguze mchango wa mwanachama kwa kutazama saa janja aliyoivaa wana hoja moja nzito: kila mtu anajua faida ya mazoezi lakini huyaahirisha, na faida ndogo ya leo humsukuma kuliko hofu ya kisukari kitakachokuja miaka 20 baadaye. Hapo nakubaliana nao. Ninapinga hatua inayofuata, yaani kuigeuza saa hiyo kuwa kipimo cha kumtoza mtu fedha.

Uchumi wa tabia, yaani elimu ya jinsi watu wanavyofanya maamuzi ya fedha, unatufundisha, tangu maandishi ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky ya mwaka 1979, kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, waliijaribu kanuni hiyo kwa wafanyakazi 281 wenye uzito uliozidi, ambao lengo lao lilikuwa hatua 7,000 kwa siku, simu zao zikihesabu. Katika kundi moja kila mtu alitengewa dola 42 mwanzoni mwa kila mwezi, na kila siku ambayo mtu hakufikisha lengo, dola 1.40 ilikatwa. Kundi hilo lilifikia lengo katika asilimia 45 ya siku, ilhali wasiopewa chochote walifikia asilimia 30, na waliolipwa kidogo kidogo kadiri walivyotembea waliishia asilimia 35 tu.

Matokeo hayo yaliyotangazwa mwaka 2016 hutajwa mno na watetezi wa mpango huu, lakini ni nadra wao kuuliza fedha zile zilikuwa za nani. Zilikuwa za mradi wa utafiti, na aliyeshindwa kutembea alirudi nyumbani na mshahara wake kamili. Makato yakihamia kwenye mchango wa bima, anayepoteza ni mwanachama mwenyewe, kutoka mfukoni mwake.

Walimu wa jimbo la West Virginia, Marekani, waliliona hilo mapema. Bima ya watumishi wa umma ya jimbo hilo ilileta mpango wa kukusanya pointi kwa kifaa cha kupimia mwendo, na asiyeshiriki angeongezewa dola 25 kila mwezi. Mpango ulirudishwa nyuma baada ya malalamiko, lakini ulikuwa umekwisha kuchochea hasira iliyoungana na madai ya mishahara duni, na Februari 2018 shule za kaunti zote 55 zikafungwa kwa mgomo. Sioni uvivu katika hasira ya mwalimu anayesimama darasani kutwa, kisha akaambiwa athibitishe kwa mwajiri wake kwamba anatembea.

Tena msukumo wa fedha haudumu. Nchini Singapore, wafanyakazi 800 walifanyiwa majaribio kwa vifaa vya Fitbit vya kuhesabia hatua; waliolipwa walitembea zaidi kwa miezi sita, lakini malipo yalipokoma, ongezeko hilo nalo likatoweka, na uzito wala shinikizo la damu havikuonyesha nafuu.

Linalonigusa zaidi ni nani atakayehesabiwa. Machinga anayezunguka Kariakoo na mzigo begani tangu alfajiri hana saa janja, kwa hiyo mwendo wake wote hauonekani, huku karani anayetembea nusu saa jioni akiwa na kifaa cha bei kubwa akipunguziwa mchango. Mwenye ulemavu wa miguu, mjamzito aliyeshauriwa kupumzika na mgonjwa wa moyo nao wataonekana wazembe. Nchini Kenya, mfuko wa bima ya afya ya jamii, SHIF, humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, awe mzima au mgonjwa, na huko ndiko kuchangiana ninakokutetea.

Zawadi za hiari sizipingi: mwajiri akitaka kuwapa watumishi wake vocha kwa kutembea, na awape, mradi takwimu za miili yao zisifike kwa anayepanga bei ya bima. Anayeona vinginevyo namwomba anieleze kwanza machinga yule atapimwa kwa kipimo gani, na nani atakayemnunulia saa.