Tupeane uzoefu: kuotesha klematisi na maua mengine ya kutambaa hapa Mwanza

Mwangaluka wanajamvi. Nyuzi za nyanya, vitunguu na kuku wa kienyeji tunazo nyingi, lakini za maua ya kutambaa ni chache, na hizo chache zinaishia kwenye picha. Naomba tukusanye hapa uzoefu wa watu wanaoishi huku huku Kanda ya Ziwa, kwa jua letu na miamba yetu. Unaotesha nini, ulipata wapi mbegu au pingili, ulifanyaje hadi ikashika mizizi, na umeipandisha kwenye nini. Naanza mimi.

Nipo Nyegezi. Klematisi yangu si ile ya maua mapana ya zambarau ya kwenye picha za Ulaya. Ni ya Afrika Mashariki hii hii, inaota yenyewe pembezoni mwa misitu ya milimani. Maua yake ni meupe, madogo, yanatoka kwa vichala, na yakipita yanaacha mbegu zenye mikia ya manyoya laini inayopeperuka na upepo. Mama mkubwa anaishi Lushoto, inapanda kwenye uzio wake, ndiye aliyenipa.

Kuizalisha natumia njia ya kulaza shina. Unachagua shina lililoanza kukomaa, si lile laini la juu wala lile gumu la chini, unaliinamisha likiwa bado limeungana na mama yake. Unajaza kiriba udongo wenye samadi iliyooza vizuri, unalaza shina juu ya udongo kiasi kwamba fundo moja linafukiwa, unalibana na waya iliyopindwa, unaweka jiwe juu na kumwagilia. Jiwe linatunza unyevu na linazuia kuku wasichakure. Mizizi inatoka pale kwenye fundo. Usiwe na haraka ya kukata. Vuta shina taratibu. Likikataa kunyanyuka, mizizi imeshashika. Hapo unalitenganisha na mama, unaliacha kivulini hadi litoe majani mapya, ndipo unahamisha.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa miche hawasemi. Klematisi haina vikono kama karakara, wala haigandi ukutani. Inajishikilia kwa kikonyo cha jani. Ikaribie asubuhi uangalie vizuri: kikonyo kikigusa uzi kinajipinda, kinauzunguka, kisha kinakakamaa, na hata jani likikauka kile kikonyo kinabaki kimeng'ang'ania. Kwa hiyo ukiipa bomba la inchi mbili au ukuta wa tofali itakushinda, itajilundika chini yenyewe kwa yenyewe. Inataka kitu chembamba: kamba ya katani, waya wa kufungia nondo, vijiti vyembamba. Haya, karibuni.

Mdau wa Bwiru:
Asante mkuu kwa uzi huu. Nyumba yangu iko katikati ya mawe, na kwetu adui ni joto la jiwe. Jua la mchana linaingia kwenye mwamba, na ukiugusa saa mbili usiku bado una joto. Mmea wa kutambaa uliopandwa pale pale ubavuni mwa jiwe unapikwa mizizi. Ninapanda hatua moja au mbili mbali na mwamba, upande unaopata kivuli mchana, halafu naelekeza shina lipande kuelekea kwenye jua. Chini naweka matandazo mazito ya nyasi kavu, na napanda viazi vitamu vitambae juu yake. Marando yanafunika udongo, na matembele tunakula.

Kwa upande wa kupandishia natumia nyavu chakavu za uvuvi. Zinapatikana kwa bei ndogo sana Mwaloni pale Kirumba na kwenye mialo mingine. Uzi wake ni mwembamba, hauozi upesi, na mmea unaupenda.

Mwanzisha uzi:
Nyavu ni wazo zuri sana, ila zivutwe zikaze kabisa. Nyavu iliyolegea inanasa ndege, mijusi na hata nyoka, na wanafia humo. Jirani alikata yake yote kwa sababu hiyo.

Mdau wa Buhongwa (nina kitalu kidogo):
Naongezea kwa wanaotaka miche mingi kuliko ile inayopatikana kwa kulaza. Klematisi inakatwa tofauti na bogenvilia. Bogenvilia unakata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya fundo. Klematisi unakata katikati ya mafundo mawili. Pingili yako iwe na fundo moja tu, lile lenye jozi ya majani, na chini yake kijishina cha kama sentimita 5 kinachoingia kwenye mchanga. Majani yanatoka mawili mawili yakitazamana. Ondoa moja, libaki moja, kwa sababu yote mawili yanapoteza maji kabla mizizi haijatoka.

Udongo wa shambani usiutumie kwenye hatua hii. Mimi nachanganya mchanga wa mto uliooshwa na pumba za mpunga zilizochomwa, nusu kwa nusu. Pumba huku hatuna shida nazo, mashine za kukoboa zimejaa. Ukishachomeka, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo ukifungue kila siku hewa iingie. Weka kivulini. Pingili nyingi zinakufa kwa kuoza, si kwa kiu, kwa hiyo mchanga uwe na unyevu lakini ukiuminya usitoe maji.

Mbegu nazo zinaota, ila zinachelewa kweli kweli na zinachosha moyo. Tena kama ni aina ya chotara, mtoto hafanani na mama.

Mdau wa Isamilo:
Shikamoo wakubwa. Mimi ndiyo hasa nataka zile za maua mapana ya zambarau. Niliagiza mizizi mikavu mtandaoni, ikatoa majani machache, ikadumaa, mwisho ikakauka. Nimekosea wapi?

Mdau wa Pasiansi:
Marahaba mdogo wangu. Hujakosea, mmea wenyewe hauko kwao. Nilisoma Uingereza na niliziona kwenye kila ua. Ile maarufu ya zambarau inaitwa Jackmanii, ilizalishwa kwenye kitalu cha familia ya Jackman huko Woking, ikachanua kwa mara ya kwanza mwaka 1862. Maisha yake yamepangwa na majira ya kule. Kipupwe inapukutisha majani na kulala, kabla ya joto kurudi wanaikata karibu kabisa na ardhi, kisha inachipua mashina mapya na maua yanatoka kwenye hayo mapya. Sisi tupo karibu na ikweta, mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, na baridi yetu ya Juni na Julai ni ya kuvaa sweta alfajiri tu. Mmea hauoni wakati wa kulala. Hela hiyo bora uiweke kwenye ile ya kwetu ya maua meupe, au kama roho yako iko kwenye zambarau, tafuta thunbajia ya maua ya bluu. Inapanda kwa kujizungusha yenyewe na haibagui jua.

Mdau wa Igoma:
Bogenvilia tu kwangu. Pogoa baada ya maua, punguza maji, usiijaze samadi. Ukiishibisha inatoa majani na miiba, maua huyaoni. Na zile rangi mnazozisifia ni majani. Ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati.

Mdau wa Sengerema:
Mimi natambaza karakara kwenye uzio, nadhani inaingia kwenye uzi huu kwa sababu kivuli napata na juisi napata. Wanaopanda ile ya njano wajue kwamba mche mmoja hauzai wenyewe. Unahitaji chavua ya mche mwingine usio wa ukoo mmoja, kwa hiyo ukipanda pingili mbili kutoka mti mmoja utaona maua tu. Ile ya zambarau inajitosheleza. Wanaofanya kazi ya kuchavusha ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Mzee wangu alikuwa anawaziba kwenye boriti za banda kwa udongo, nikamwomba awaachie boriti moja, na matunda yameongezeka waziwazi.

Ya zambarau ikipata mnyauko kwenye udongo wako, ibebeshe, yaani unganisha kitawi chake juu ya shina la njano. Njano inavumilia ugonjwa huo vizuri zaidi.

Mdau wa Ukerewe:
Nimefurahi sana kusoma. Huku kisiwani kuna mmea unapanda vichakani, una mbegu zenye manyoya meupe kama hayo ya mwanzisha uzi. Nitajuaje kama ni klematisi? Na je, ina madhara kwa watoto?

Mwanzisha uzi:
Dada, angalia vitu vitatu. Majani yatoke mawili mawili yakitazamana kwenye fundo. Ua lifunguke vipande vinne, katikati likiwa limejaa nyuzi nyingi. Halafu tafuta kikonyo cha jani kilichojizungusha kwenye kitawi cha jirani. Ukikikuta, uko karibu na jibu. Kuhusu watoto, wasitafune wala wasisugue majani mabichi mikononi, utomvu wake unawasha ngozi na mdomo. Mimi mwenyewe nikipogoa navaa glavu. Mbuzi nao usiwafunge karibu.

Usiung'oe. Kata kipande chenye mafundo matatu au manne asubuhi mapema, kikunje kwenye gazeti lililoloa, ukifika nyumbani ukigawe kama alivyoeleza mdau wa Buhongwa. Ila kwanza piga picha ya jani, ua na mbegu, uweke hapa tuitazame pamoja.