Sungura wangu ananigeuzia mgongo na kuninguruma. Nimemkosea nini?

Mama Pamba:
Habari zenu wakuu. Nina sungura jike, Pamba, ana miezi mitano. Alipokuwa mdogo alikuwa analala mapajani kwangu bila wasiwasi. Wiki tatu hizi amekuwa kiumbe mwingine kabisa. Nikiingiza mkono kizimbani kuchukua bakuli analaza masikio mgongoni, ananguruma, kisha ananirukia na kunipiga kwa miguu ya mbele. Jana kanichubua kidole. Nikimbeba anatapatapa. Nikimweka chini anaondoka huku anarusha miguu ya nyuma kama anayenipangusia vumbi, halafu anakaa pembeni kanipa mgongo. Usiku anapiga sakafu kwa mguu, puu! puu!, nyumba nzima macho. Naambiwa sungura hamjui mtu, nimgawe. Sitaki. Nimeshalia vya kutosha, nisaidieni.

Mfugaji Mkongwe:
Pole sana dada. Usimgawe. Pamba anakuambia mambo kadhaa tofauti, na wewe unayasikia yote kama neno moja: "sikupendi."

Anza na kizimba. Hapo ni kwake, na amefika umri wa kubalehe. Majike wengi wakifika hapo wanakuwa wakali kwenye eneo lao hata kama nje ya kizimba ni wapole. Halafu angalia mkono wako unatokea wapi. Macho ya sungura yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, hata nyuma yake, lakini pale mbele kabisa ya pua haoni. Ukimletea mkono usawa wa pua, kwake umeibuka ghafla. Mpitishie juu ya paji la uso, taratibu, akiuona unakuja.

Kubebwa nako, kumbuka huyu ni mnyama wa kuwindwa. Kinachomnyanyua kutoka ardhini huko porini ni mwewe. Na akitapatapa vibaya mikononi anaweza kuvunjika uti wa mgongo, kwa hiyo acha kumbeba isipokuwa kuna lazima. Kaa wewe chini.

Huko kurusha miguu na kukupa mgongo ndiko kununa. Anaudhika kama sisi, na akiachwa hasira zinamtoka.

Binti Karoti:
Naongezea kuhusu kishindo cha usiku. Mguu ule ni king'ora: sungura akihisi hatari anapiga chini wenzake wasikie. Wangu alipiga usiku tisa mfululizo, nikadhani ananikomoa. Siku moja nikakesha naye gizani, nikaona paka anapita dirishani, naye kasimama wima, masikio juu, pua imeacha kuchezacheza. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikimfokea. Nikaweka pazia zito, kikaisha. Usimkaripie. Tafuta anachokisikia.

Daudi wa Banda la Nyuma:
Mtafutie mwenzake tu, upweke huo.

Mfugaji Mkongwe:
Mwenzake ni jambo jema, ila si sasa hivi. Majike wawili wasiofungwa kizazi (yaani kutolewa ovari na mfuko wa uzazi) wanaweza kuumizana vibaya, na ukileta dume, baada ya mwezi mmoja una watoto. Kwanza aonwe na daktari wa wanyama anayewajua sungura, mzungumze kuhusu kumfunga kizazi. Ukali wa balehe hupungua, na majike wasiofungwa hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi wakizeeka.

Bibi Nyasi:
Mama Pamba, nijibu haya: anakula nyasi kavu kama kawaida? Kinyesi kinatoka? Anasaga meno? Nauliza kwa sababu meno yana lugha mbili. Ukimkuna akawa anayagonga polepole, macho yamelegea, hiyo ni raha. Akijikunyata peke yake, mwili umekaza, anasaga kwa nguvu hadi unasikia ukiwa mbali, hayo ni maumivu. Sungura huficha ugonjwa mpaka mwisho. Akipitisha nusu siku hajala, usisubiri kesho, mpeleke.

Na ukimwona anajinyofoa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni, usishtuke. Ni mimba ya uongo, anajenga kiota. Usikibomoe.

Mama Pamba:
Anakula vizuri Bibi, na kinyesi kiko sawa, asante kwa kuuliza. Nimechukua miadi kwa daktari.

Narudi na habari. Siku kumi sasa simbebi, nakaa sakafuni tu alfajiri na jioni, wakati anapochangamka. Siku nne za kwanza hakunijali. Ya tano akanizunguka, akanisugua goti kwa kidevu, akaenda zake. Nikadhani ananifukuza.

Binti Karoti:
Jamani! Chini ya kidevu ndiko anakotoa harufu yake. Kakutia alama, wewe ni wake.

Mama Pamba:
Basi jana akaja, akalaza kichwa sakafuni karibu na mkono wangu, akatulia. Nikamkuna katikati ya macho, meno yakaanza kugonga polepole, nayasikia kwenye vidole. Akajibwaga ubavu ghafla mpaka moyo ukanipasuka, nikadhani amekufa! Kumbe amelala. Leo asubuhi amekimbia chumba kizima, akaruka na kujipinda hewani mara mbili.

Ila nikigusa bakuli bado ananguruma.

Mfugaji Mkongwe:
Mfungulie atoke kwanza, akishaenda zake ndipo uchukue bakuli. Hilo litakuwa lake siku zote.