Naomba ushauri: neema na sheria, nifundishe vipi?

Bwana asifiwe wapendwa. Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia, na tumekwama kwenye Warumi 6:14, panaposema hatuko chini ya sheria bali chini ya neema. Kijana mmoja anadaiwa na mwenzake na hataki kulipa. Anasema sheria iliishia msalabani, tusimfungie kongwa. Upande wa pili yupo dada ambaye akikosa siku moja ya kufunga hashiriki Meza ya Bwana, akiamini Mungu amemkataa. Inaniuma sana, kwa sababu nikimkemea yule kijana, anayetetemeka ni huyu dada.

Mjadala wenyewe ni wa kale. Martin Luther, kiongozi wa matengenezo ya kanisa Ujerumani, alibishana tangu 1537 na Johannes Agricola, aliyepinga kuhubiri sheria kanisani, na Calvin, mwanamatengenezo mwingine, alifundisha kwamba Amri Kumi humwongoza hata aliyekwisha kuokolewa. Mimi naegemea kwa Calvin, maana mstari wa 15 Paulo mwenyewe anauliza kama tutende dhambi kwa kuwa tuko chini ya neema, akajibu hasha.

Watumishi mliowahi kulea watu wa namna hii, je, niwafundishe pamoja au nianze na kila mmoja faraghani? Na kwa huyu dada, nianzie Wagalatia au Warumi 8?