Acheni kusambaza mifano ya wxPython iliyooza

Wadau, huu ni uzi wa malalamiko na sitauremba.

Kila muhula faili zile zile za mifano ya wxPython, maktaba ya Python ya kuunda programu zenye madirisha na vitufe, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya wanafunzi wa kompyuta hapa Nairobi. Ni folda moja iliyobanwa, yenye programu ishirini au thelathini za mfano, na hakuna hata moja inayosema iliandikiwa toleo gani. Mwanafunzi anafungua ya kwanza, anakuta `print "Habari"` bila mabano, na Python 3 inaukataa mstari huo kabla dirisha halijatokea. Akiuliza, anajibiwa "rekebisha hapo tu". Anarekebisha, anafungua ya pili, inakufa kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya siku tatu anaamini kwamba yeye ndiye mjinga. Si mjinga. Amepewa kitu kibovu na watu wanaojua ni kibovu.

wxPython ina enzi mbili. Ya kwanza ni Classic, iliyokwenda na Python 2. Ya pili ni Phoenix, iliyoandikwa upya na kutoka rasmi kama 4.0 mwaka 2018. Mifano mingi mnayogawa ni ya enzi ya kwanza. Humo kuna majina yaliyokufa kabisa: `wx.OPEN` na `wx.SAVE` hazipo tena, ni `wx.FD_OPEN` na `wx.FD_SAVE`, na asiyejua anapata AttributeError tu, yaani kosa la kuita jina lisilokuwepo. Kuna mengine ambayo bado yanaitika lakini yanatoa onyo, kama `wx.EmptyBitmap` badala ya `wx.Bitmap`, au `SetToolTipString` badala ya `SetToolTip`. Haya ya pili ndiyo yanayoniudhi zaidi, kwa sababu programu inafunguka, mkufunzi anasema "mbona inafanya kazi", na onyo linapita kwenye terminali bila kusomwa na mtu. Kisha mfano unatumwa kwa darasa lingine.

Na msidhani kuandika "Phoenix" juu ya faili kunatosha. Kuna mifano iliyokuwa salama kwenye 4.0 ikavunjika kwenye 4.1, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Chukua saiza ya wima, yaani kipangaji kinachopanga vitu dirishani kutoka juu kwenda chini:

saiza = wx.BoxSizer(wx.VERTICAL)
saiza.Add(kitufe, 0, wx.EXPAND | wx.ALIGN_RIGHT | wx.ALL, 8)

Zamani mstari huo ulipita kimya. Tangu 4.1 unatupa wxAssertionError, na ujumbe wake unataja faili ya C++ iitwayo sizer.cpp ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona maishani. Sababu ni nyepesi: `wx.EXPAND` inaamuru kitufe kijaze upana wote, na kitu kilichojaza upana wote hakiwezi tena kusukumwa kulia. Amri mbili zinapingana. Toleo la zamani lilipuuza moja, toleo jipya linakataa. Chagua moja, basi. Vivyo hivyo `wx.ALIGN_BOTTOM` au `wx.ALIGN_CENTER_VERTICAL` ndani ya saiza ya wima hazina maana, kwa sababu nafasi ya juu na chini inapangwa na saiza yenyewe. Ukitaka kitu kishuke chini, weka `saiza.AddStretchSpacer()` kabla yake. Maelezo hayo ni ya nusu ukurasa, na sijayaona kwenye folda yenu hata moja.

Afadhali hao wanaotumia saiza, kwani nusu ya mifano haizitumii kabisa. Inapanga kila kitu kwa `pos=(20, 340)` na `size=(900, 750)`, kwa sababu mwandishi alikuwa na skrini kubwa. Laptopu za mtumba zinazouzwa katikati ya mji huu nyingi zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Ondoa upau wa kazi na kichwa cha dirisha, kitufe cha "Hifadhi" kinabaki nje ya skrini. Tena fonti ya GTK (maktaba inayochora madirisha kwenye Linux) kwenye Ubuntu si fonti ya Windows, kwa hiyo maandishi yaliyotosha kwenye mashine ya mwandishi yanakatwa kwenye mashine nyingine. Huo ni mfumo unaosifiwa kwa kukimbia kwenye Windows, Linux na macOS, halafu mfano wake unapendeza kwenye kompyuta moja tu duniani. Weka `wx.Panel` ndani ya fremu, weka vidude vyote (vitufe, lebo, visanduku) ndani ya paneli, ipe paneli saiza. Ukiiruka paneli, kwenye Windows dirisha linakuwa na rangi ya kijivu ya ajabu na kitufe cha Tab hakihami kutoka kisanduku hadi kisanduku ipasavyo.

Usakinishaji nao ni kisa. Maelekezo yote ni mstari mmoja: `pip install wxPython`. Kwenye Windows na macOS ni sawa, kifurushi kilichokwisha kukompailiwa kinashuka. Kwenye Linux, PyPI (ghala la vifurushi vya Python) haina kifurushi cha namna hiyo, hivyo pip inashusha msimbo wote wa asili na kuanza kuukompaili kwenye mashine ya mwanafunzi. Bila vifurushi vya maendeleo vya GTK inafeli. Vikiwepo, inachukua muda mrefu, na laptopu ya RAM 4 GB inaweza kuganda. Mtu amenunua bando kwa pesa yake, bando limeisha, hana kitu. Kwenye Ubuntu au Debian amri ni hii:

sudo apt install python3-wxgtk4.0

Anayetumia venv (mazingira ya Python yaliyotengwa kwa mradi mmoja) aiunde kwa `python3 -m venv --system-site-packages jina_la_folda`, la sivyo kifurushi hicho hakitaonekana ndani yake. Anayetaka toleo jipya zaidi aende kwenye extras.wxpython.org, achague folda ya toleo la Linux yake. Mistari mitatu. Iandikeni!

Sasa kuhusu kilichokosekana kabisa. Mifano yenu inaonyesha kitufe kinachobadilisha maandishi. Sawa, lakini hakuna anayeajiriwa kuandika hicho. Kazi inayoombwa hapa mjini ni programu ya kaunta ya duka: inasoma hifadhidata, inauliza kwenye intaneti kama malipo ya M-Pesa yameingia, inachapisha risiti. Mwanafunzi anaweka ombi la mtandao moja kwa moja ndani ya kishughulikia-tukio (fankisheni inayoitwa kitufe kikibonyezwa), dirisha linaganda sekunde thelathini, Windows inaandika kwamba programu haijibu, keshia anaizima. Akishauriwa atumie thredi (njia ya pili ya kazi inayokimbia sambamba na programu), anagusa vidude kutoka ndani ya thredi hiyo, na kwenye GTK programu inaanguka leo, kesho haianguki, keshokutwa inaanguka tena. Kanuni ni moja: vidude huguswa na thredi kuu peke yake. Mfano wake ni mfupi kiasi hiki, na `wx.CallAfter` ndiyo inayorudisha jibu kwenye thredi kuu:

def on_uliza(self, event):
    self.kitufe.Disable()
    threading.Thread(target=self.uliza, daemon=True).start()

def uliza(self):
    try:
        jibu = requests.get(self.anwani, timeout=10).text
    except requests.RequestException as kosa:
        jibu = str(kosa)
    wx.CallAfter(self.onyesha, jibu)

def onyesha(self, jibu):
    if not self:
        return
    self.lebo.SetLabel(jibu)
    self.kitufe.Enable()

Angalieni mambo mawili. `timeout=10` ni lazima, maana bila hiyo requests, maktaba inayotuma ombi la mtandao, haina kikomo na itasubiri mtandao uliokufa. Na `if not self` ipo kwa sababu mtumiaji anaweza kufunga dirisha kabla jibu halijafika. Ukigusa kidude cha dirisha lililokwisha kufutwa, unapata RuntimeError inayosema kitu cha C/C++ kimeshafutwa.

Hati rasmi nazo zina lawama yake, ingawa ndogo. Nyingi zimezalishwa kutoka hati za wxWidgets, maktaba ya C++ iliyo chini ya wxPython, kwa hiyo ukurasa wa darasa unakupa orodha ndefu ya mbinu, lakini hauonyeshi vipande vinavyoshikana vipi. Programu ya Demo ni nzuri, ina kidude karibu cha kila aina na msimbo wake pembeni, na huendeshwa kwa amri `wxdemo`. Lakini kila ukurasa ni kidude kimoja peke yake. Hakuna unapojifunza kwamba dailogi isiyo na mzazi (dirisha linaloimiliki) na isiyofutwa inaiacha programu ikiendelea kukimbia baada ya dirisha kuu kufungwa. Tumieni `with wx.FileDialog(...) as d:`, inayoifuta dailogi yenyewe, na jambo limekwisha.

Ninachodai si kikubwa. Anayeweka mfano aendeshe `print(wx.version())` na kubandika matokeo juu ya faili, pamoja na toleo la Python na mfumo endeshi. Auendeshe kwenye mashine nyingine isiyo yake, yenye skrini ndogo, na maonyo yakiwa yamewashwa kwa `python3 -W default`. Mfano ukitoa onyo hata moja, usiutume.

Nyongeza: naona mtu chini ameshashauri watu waweke kigezo cha mazingira `WXSUPPRESS_SIZER_FLAGS_CHECK` kwenye kompyuta zao ili kosa la saiza linyamaze. Ndiyo, linanyamaza. Kwenye mashine yako. Mteja wa Kisumu atakayepokea programu hiyo hana kigezo hicho kwenye kompyuta yake, na dirisha lake litaanguka siku ya kwanza. Ondoa `wx.ALIGN_RIGHT`, ni herufi chache tu.