Piza za usiku wa manane (kikundi cha Ukoo wa Ngamiani)

Shangazi Mwana: Asalaam aleikum wote. Rehema, nimeamka saa saba usiku kunywa maji nakuona uko hewani. Kuna nini mwanangu mbona hulali

Rehema: Waaleikum salaam shangazi, shikamoo. Hamna kitu nilikua nauza piza tu

Shangazi Mwana: Marahaba. Piza?? Saa saba usiku? Umeacha kazi ya benki?

Mjomba Bakari: Hee kumbe umefungua mgahawa na wazee hatujaitwa hata kwenye dua

Da Zuhura: 😂😂😂 gemu hiyo jamani. Gemu ya simu

Rehema: Inaitwa Good Pizza, Great Pizza. Una kibanda chako, mteja anakuja kaunta anakuagiza, unapaka sosi kwa kidole, unanyunyiza jibini, unapanga vitu vya juu kimoja kimoja, inapita ovenini, unakata unampa. Siku ikiisha wanakuletea hesabu, umeuza ngapi na vitu vimekula ngapi. Ndo hivo tu

Shangazi Mwana: Sasa mbona sielewi. Utoke kazini umechoka halafu uingie kwenye simu ufanye kazi nyingine, tena isiyo na mshahara. Mimi saa kumi alfajiri jiko limeshawaka, nikirudi nyumbani hata mlio wa sufuria sitaki kuusikia

Mjomba Bakari: Huyo aje Tanga akusaidie kukanda unga kama anapenda sana kuhudumia watu

Rehema: Mjomba nitakuja lakini ngojeni niwaeleze. Mi kazi yangu ni simu za wateja. Mtu ananipigia amechemka kadi yake imemezwa na mashine toka jana, mi siko kwenye hiyo mashine, siwezi kuitoa, ninachoweza ni kumwandikia tiketi ya malalamiko naipeleka idara nyingine halafu basi, sijui aliipata au hakuipata, na kabla sijamaliza kumpa pole mwingine ashaingia. Siku nzima hivo. Narudi nyumbani ukiniuliza leo umefanya nini siwezi hata kukuonyesha. Sasa kwenye gemu mtu anaingia anataka piza ya uyoga, nampa, anafurahi au ananuna, ananilipa anaondoka. Nimemaliza. Hakuna kinachobaki kinaning'inia

Da Zuhura: Umesema kweli mdogo wangu, ule utamu wa kumaliza kitu

Shangazi Mwana: Na madeni?

Rehema: Hamna madeni shangazi, kila mtu analipa palepale

Shangazi Mwana: Basi huo si mgahawa 😏

Mjomba Bakari: 😂😂 kakwambia mwenye mgahawa

Shangazi Mwana: Nisikilizeni. Mimi nina daftari pale chini ya meza. Bodaboda wa kona anakula chapati mbili na maharage kila asubuhi, analipa Ijumaa. Ijumaa nyingine halipi, anaanza kupitia njia ya nyuma nisimwone. Nikimkatalia anahama yeye na kijiwe chake chote wanaenda kwa mwenzangu, nikimwachia mtaji unakatika. Kwa hiyo kila asubuhi nikimwona anaegesha pikipiki nishaanza kupiga hesabu usoni kwake, huyu leo ana hela au hana, nimpe supu au nimwambie supu imekwisha. Huo ndio mgahawa. Kupika hata mtoto anajifunza

Rehema: Sasa shangazi ndo maana napenda hiyo ya kwenye simu 😂 hakuna wa kupitia nyuma

Da Zuhura: Ila kuna ombaomba nakumbuka, au wameshamtoa?

Rehema: Yupo! Anakuja kaunta anaomba piza ya bure. Ni uamuzi wako umpe au umnyime

Shangazi Mwana: We unampa?

Rehema: Nampa

Shangazi Mwana: Alhamdulillah angalau hilo umelelewa

Idi (Dodoma): Shikamooni wazee. Nyie mnaongelea za simu, mi kuna moja mwenzangu wa hosteli anayo kwenye laptop inaitwa Dave the Diver, imetengenezwa Korea Kusini, imetoka 2023. Mchana unazamia baharini unawinda samaki kwa bunduki ya chusa, usiku samaki haohao wanauzwa kwenye mgahawa wa sushi, we ndo unakimbia na sahani meza hadi meza. Mpishi yeye haongei sana anakata samaki tu. Wateja wanataka na chai ya kijani, hiyo unamimina kwa kushikilia kitufe, lazima uachie ikifika usawa wake, ukichelewa imefurika ukiwahi kikombe nusu. Naambieni kwanini kumimina chai ya uongo kunanipa raha kuliko kusoma takwimu

Mjomba Bakari: Marahaba. Huyo mzamiaji anakaa chini muda gani bila kupumua

Idi (Dodoma): Ana mtungi mjomba. Oksijeni inapungua jinsi anavokaa na akiumwa na papa inapungua zaidi, ikiisha anatolewa na anabaki na kitu kimoja tu katika vyote alivovua. Na mzigo una kikomo cha kilo, ukizidisha anakua mzito

Mjomba Bakari: Hapo nimemkubali. Sisi tukiwa Kigombe kule ilikua hivohivo, mashua imejaa unamwona kolekole anapita na huna pa kumweka. Unamtazama tu. Je silikanti, yule samaki wa kale, yumo? Maana yule ni wa kwetu

Idi (Dodoma): Mi sijakutana nae

Mjomba Bakari: Na hata ukikutana nae usimpeleke jikoni, yule analindwa, wametenga hifadhi nzima ya bahari hapa Tanga toka 2009 kwa ajili yake. Nyama yake nasikia haina maana

Shangazi Mwana: Bakari tuache na samaki wako. Idi, hao samaki wasiponunuliwa usiku ule inakuwaje

Idi (Dodoma): Swali zuri shangazi. Kabla ya kufungua unapanga menyu, hiki sahani ngapi kile sahani ngapi. Zilizoandaliwa zisipouzwa zinatupwa, hasara yako

Shangazi Mwana: AAH. Hapo sasa. Aliyetengeneza hiyo amewahi kupika cha kuuza, au mama yake. Wali ndio unaotuua sisi. Unapika sufuria kubwa, inakuja mvua ya saa sita, watu hawatoki maofisini, saa tisa unabaki unautazama. Unagawa kwa majirani unajifanya una roho nzuri

Da Zuhura: 😂😂😂 kumbe wali wa kila masika ndo huo

Shangazi Mwana: Kula ukanyamaze

Da Zuhura: Mi nawacheka nyie wa juzi. Ya kwanza kabisa mi niliichezea kwenye kompyuta ya ofisi, Diner Dash, ni ya zamani ile. Kuna dada anaitwa Flo anafanya kazi ofisini anachoka na mafaili anatoka mbio anafungua mgahawa wake. Sasa fikiria mimi niko hapo ofisini na mafaili yangu pembeni namsaidia Flo kubeba sahani, bosi akipita nafungua Excel. Halafu 2009 ikaja Restaurant City ya Facebook, hiyo ilikua nzuri kwasababu wafanyakazi unaajiri marafiki zako wa Facebook. Mpishi, mhudumu, wa usafi. Mjomba Bakari wewe ulikua wa kusafisha choo kwangu mpaka walipoufunga mchezo 2012

Mjomba Bakari: Miaka mitatu nasafisha choo na sina habari. Malipo yangu yako wapi

Da Zuhura: Nilikua nakulisha mjomba, wafanyakazi wasipokula wanachoka wanalala

Rehema: Ila zote haziko sawa. Kuna Cooking Fever ile, niliifuta. Baga inaungua huku mteja anakunja uso huku soda haijajaa, moyo unaenda mbio kama niko zamu. Na Overcooked ndo usiseme, tuliicheza na mume wangu kwa kaka yake, mnapika wawili jiko moja, mara jiko linakatika katikati mara moto umewaka, tulifika nyumbani hatusemeshani. Ninachotaka mimi ni ile ya polepole, mvua inanyesha nje ya kibanda mi napanga zeituni

Shangazi Mwana: Hizo nyanya na zeituni unazihesabu?

Rehema: Mmh naweka tu hadi ijae ipendeze

Shangazi Mwana: Ngoja nikija kupumzika nitamwambia Mwanaidi aniwekee nione

*(jioni)*

Mwanaidi: Jamani mmemfanya nini mama. Toka alasiri ameshika simu, chai imepoa

Shangazi Mwana: Niacheni nina mteja

Idi (Dodoma): 😂😂😂😂

Shangazi Mwana: Rehema mwanangu faida huipati kwasababu ya mkono wako. Nimeangalia picha uliyotuma, jibini umeimwaga kama unapiga ukuta lipu. Kila kipande kina bei yake. Piza wanakubali ikiwa imesambaa vizuri, si lazima ijae. Mimi naweka pembeni kwanza halafu naingia kati, kidogo kidogo, na hakuna aliyelalamika

Rehema: Hee shangazi

Shangazi Mwana: Na hao wateja nimewapenda. Mwingine hasemi anachotaka, anakuzungusha maneno weee mpaka ujue mwenyewe. Huyo namjua! Mimi nina mzee mmoja akija anasema "leo tumbo halitaki mambo mengi", maana yake anataka uji na asiwekewe sukari. Mgeni angempa maji ya moto. Hapa kuna kitufe cha kumuuliza tena, mimi sikigusi, namsoma

Da Zuhura: Asubuhi ulisema si mgahawa

Shangazi Mwana: Bila daftari si mgahawa na sijabadilisha. Ila kusikiliza mtu wamepatia. Na yule wa ng'ambo ya barabara anayenipiga vijembe, Alicante, huyo tutaonana. Nina jirani kama yeye sokoni

Mjomba Bakari: Mwana, hiyo pepperoni unayouza ni ya nyama gani? Ndugu zangu tuangalie

Shangazi Mwana: Mimi yangu ni ya ng'ombe. Duka ni langu

Rehema: 😂😂 nimekufa

Mjomba Bakari: Na mimi niwekeeni basi, ila ile ya kuzamia

Idi (Dodoma): Mjomba hiyo haiingii kwenye simu yako, anza na hii ya shangazi

Mjomba Bakari: Inakula bando?

Idi (Dodoma): Kuipakua tu. Ukishaipata unaweza kuzima data ukacheza, na matangazo yanapungua

Shangazi Mwana: Yanapungua? Idi ungesema mapema, nimetazama matangazo ya sabuni jioni nzima. Mwanaidi njoo uzime data. Na wewe Bakari ukishaiweka usije kuniuliza uliza, saa mbili nafungua tena