Perth bila gari: wikendi tuwapeleke watoto wapi, na saa ngapi?

PwaniMpya aliuliza:

Hamjambo nyote. Tumehamia Perth, Australia Magharibi. Tuko wanne: watu wazima wawili, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 5. Gari bado. Naomba msaada kwa haya:

Kwanza, ufukwe upi unafaa kwa watoto? Kila tukifika baada ya chakula cha mchana tunakuta upepo mkali, mchanga unapiga machoni, na wadogo wanalia kurudi. Pili, kisiwa cha Rottnest kinawezekana kwa siku moja na mtoto wa miaka 5? Tatu, kuna mahali pa kuchoma nyama hadharani bila kuvunja sheria? Nne, kuvua samaki kunahitaji leseni? Asanteni.

Mkaazi wa Cottesloe alijibu:

Karibuni sana Perth. Kosa lenu ni saa, ufukwe hauna tatizo.

Aliyekulia Mombasa, Tanga au Unguja akipanga kwenda baharini huuliza kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa. Hapa swali hilo halina uzito, kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki mita 1. Hapa unauliza upepo. Majira ya joto, Desemba hadi Februari, asubuhi upepo hutoka mashariki, yaani nchi kavu, na bahari inalala kama kioo. Nchi ikishapata moto, hewa yake inapanda na ya baharini inaingia kuziba nafasi. Hapo kati ya saa sita na saa tisa mchana unaanza upepo wa kusini-magharibi ambao wenyeji wanauita Fremantle Doctor, daktari wa Fremantle, kwa kuwa unatibu joto. Mji unaushukuru, lakini kwa mtoto aliyeketi mchangani ni adhabu. Kwa hiyo fikeni saa moja au mbili asubuhi, na saa tano muwe mnakunja mkeka. Saa hizo ndizo nzuri kwa ngozi pia, maana adhuhuri ya majira hayo kipimo cha mionzi ya jua hupita 11, na kuanzia hapo ndilo daraja la juu kabisa la hatari. Ngozi nyeusi nayo huungua. Pakeni losheni ya jua ya SPF 50 dakika 20 kabla ya kutoka, mrudie kila baada ya saa mbili na kila mkitoka majini.

Bila gari, rahisi ni Cottesloe: treni ya njia ya Fremantle, mnashuka kituo cha Cottesloe, halafu mwendo wa miguu kama dakika 20 kwa hatua za mtoto. Kwa huyo wa miaka 5, South Beach ya Fremantle ni tulivu zaidi. Hillarys nako kuna ufukwe ndani ya bandari ya boti, umezungukwa na kuta za mawe, mawimbi hayaingii. Coogee (ya Perth, msichanganye na ya Sydney) na Sorrento zina uzio wa kuzuia papa, na majira ya joto Cottesloe nayo huwekewa.

Sasa la usalama, na hili msilipite haraka. Ogeleeni kati ya bendera mbili za nyekundu na njano. Zikiwa hazipo, maana yake waokoaji hawapo. Fukwe zilizo wazi kama Scarborough na Trigg zina mikondo inayovuta mtu kuelekea kilindini. Mkondo unautambua hivi: kipande cha maji meusi zaidi, mawimbi hayavunjiki juu yake ilhali kushoto na kulia yanavunjika, na povu au mchanga unasafiri kuelekea nje. Wageni wengi huchagua kuogelea hapohapo kwa sababu panaonekana pametulia, na ndipo wanapopotelea. Ukikamatwa usishindane nao. Elea, pumua, inua mkono mmoja kuita msaada. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo hadi mahali mawimbi yanapovunjika, kisha yafuate kurudi. Mkondo hauzamishi mtu. Kinachomzamisha ni uchovu wa kupigana nao.

BaiskeliNaBahari alijibu:

Rottnest inawezekana kabisa, ila ipangeni kwa upepo huohuo uliotajwa hapo juu.

Kisiwa kiko kama kilomita 19 kutoka Fremantle. Boti za Fremantle zinachukua karibu nusu saa. Zile za Barrack Street, katikati ya mji, zinashuka mto kwanza na kuchukua kama saa moja na nusu. Na watoto, pandeni treni hadi Fremantle na mchukue boti huko. Ada ya kuingia kisiwani hulipwa pamoja na tiketi. Chukueni boti ya mapema. Anayetapika kirahisi akae sitaha ya chini upande wa nyuma, ambako chombo hakirushwi sana.

Wageni hawaendeshi magari kisiwani. Mnakodi baiskeli (kofia ngumu ni lazima kisheria, hata kwa mtoto) au mnapanda basi la kuzunguka, lile la kushuka na kupanda vituoni. Mzunguko mzima ni kilomita 22 hivi na una vilima. Mtoto wa miaka 9 aliyezoea anaumudu, wa miaka 5 ombeni kigari cha kuvutwa nyuma ya baiskeli. Msilazimishe mzunguko mzima siku ya kwanza. Majira ya joto asubuhi upepo wa mashariki unawasukuma kuelekea ncha ya magharibi, na mchana wa kusini-magharibi unawasaidia kurudi gatini. Aliyechelewa kuanza anakwenda magharibi akipambana nao njia nzima, na huyo ndiye anayeachwa na boti.

Kuogelea ni hesabu ileile. Upande wa kusini, Little Salmon Bay na Parker Point, kuna matumbawe na samaki wa rangi wa kutazama kwa miwani ya kuzamia, nendeni asubuhi. Upepo ukigeuka, hamieni The Basin upande wa kaskazini. Ni kama dimbwi lililozungukwa na mwamba, na ni mwendo mfupi kutoka makazi ya gatini.

Kuna wale wanyama wadogo wanaoitwa quokka, jamii ya kangaroo, ukubwa wa paka. Watawakaribia bila woga. Ni kosa kisheria kuwalisha au kuwagusa, na sababu ni ya kweli: mkate na chipsi vinawaumiza matumbo, na watoto wao wanazoea kutegemea watu. Kaeni chini kimya, watakuja wenyewe. Msikatize vichakani, kuna nyoka wa sumu aitwaye dugite.

Jambo moja zaidi, na naomba watoto waelezwe. Wenyeji wa asili, Wanoongar, wanakiita kisiwa Wadjemup. Kuanzia 1838 kilikuwa gereza la wanaume na wavulana wa asili walioletwa kutoka sehemu zote za Australia Magharibi, na wengi walifia hapo. Makaburi yao yapo karibu na makazi. Mkipita pale, piteni kwa heshima.

JikoLaNje alijibu:

Nyama: ndiyo, na ni bure. Bustani nyingi za umma, na Kings Park ikiwemo, zina majiko ya umeme ya bamba la chuma. Unabonyeza kitufe, bamba linapata moto taratibu, na baada ya muda linajizima lenyewe. Hapo watu hudhani limeharibika. Bonyeza tena.

Bamba si mkaa, msitegemee moto wa jiko la makaa. Mishikaki ya vijiti vinene haiivi, kwa kuwa nyama inagusa chuma upande mmoja tu. Kateni vipande bapa vya unene wa kidole, au fungueni paja la kuku liwe bapa. Marinadi yenye sukari nyingi au asali inaungua kabla nyama haijaiva, hivyo ipakeni dakika za mwisho. Bebeni mafuta kidogo, koleo, kisu bapa cha kukwangulia, karatasi za jikoni na foili. Futeni bamba kabla na baada. Anayekula nyama ya halali tu atandike foili, maana aliyetangulia huenda alichoma soseji za nguruwe. Siku za likizo majiko hujaa kuanzia saa tano. Fikeni saa nne.

Msibebe jiko lenu la mkaa majira ya joto. Siku moto wa nje unapopigwa marufuku kabisa, mkaa haumo katika ruhusa, na faini ni kubwa. Nyasi za huku zikikauka zinashika moto kama karatasi. Pombe mahali pa umma bila kibali nayo ni kosa.

Mkiwa Kings Park msiondoke bila kuuona mbuyu. Kweli, mbuyu, wa jamii ya Australia. Unaitwa Gija Jumulu. Uling'olewa Kimberley, kaskazini kabisa mwa Australia Magharibi, mwaka 2008 kupisha ujenzi wa barabara, ukabebwa kwenye lori zaidi ya kilomita 3,000, ukapandwa juu ya kilima kinachotazama mto Swan. Mtoto aliyezoea mibuyu ya kwetu atautambua kwa mbali. Septemba bustani hiyo hujaa maua ya porini, na kuingia ni bure mwaka mzima.

NdoanaNaChambo alijibu:

Leseni: ukivua samaki wa kawaida au ngisi kwa mshipi ukiwa ufukweni au gatini, huhitaji. Unahitaji ukivua kutoka kwenye boti ya injini, ukitumia wavu, au ukitafuta kambakoche na abaloni (aina ya konokono wa baharini). Kila aina ina idadi ya mwisho kwa siku, na baadhi zina urefu wa chini; chukueni mwongozo wa mwaka huu wa idara ya uvuvi na mtembee na rula. Wakaguzi hufungua ndoo.

Kaa wa buluu asipungue milimita 127, kipimo cha gamba kutoka ncha hadi ncha kwa upana. Jike mwenye mayai anarudishwa majini palepale. Septemba 1 hadi Novemba 30 hakuna kuvua kaa kuanzia mto Swan kushuka kusini, Mandurah ikiwemo, hadi ufukwe wa Minninup.

Kwa watoto, nendeni gatini, waachieni wazoefu kuta za mawe za mlango wa bandari ya Fremantle. Mawimbi makubwa huja pale bila dalili. Mtakamata bunju wengi, wadogo na wenye njaa. Ni walewale mnaowajua, sumu yao haiondoki kwa kupikwa. Rudisheni majini, msiwaache gatini, mbwa anaweza kula akafa. Mtoni kuna samaki kama hongwe mwenye miiba ya sumu mapezini. Akimchoma mtu, tumbukizeni kidonda kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua.

PwaniMpya:

Mungu awabariki. Swali la mwisho: Juni hadi Agosti wanasema mvua haikatiki. Tunafanya nini? Na nauli za watu wanne zinauma.

Mkaazi wa Cottesloe alijibu:

Nauli kwanza. Pateni kadi ya SmartRider kila mmoja. Jumapili mwenye kadi hiyo hasafiri kwa malipo, lakini lazima muigusishe mkipanda na mkishuka kama siku nyingine. Mabasi ya CAT ya katikati ya Perth ni bure kila siku, bila kadi.

Mvua hainyeshi mfululizo kama masika. Inakuja kwa vipindi na pepo kali, kisha jua linatoka. Tafuteni sehemu zenye paa zilizo karibu karibu, na hapo Fremantle haina mpinzani. Jumba la makumbusho la meli zilizozama lina sehemu ya ubao wa Batavia, meli ya Kiholanzi iliyogonga mwamba mwaka 1629, na kiingilio ni mchango wa hiari. Soko la Fremantle, la tangu 1897, hufunguliwa Ijumaa hadi Jumapili. Gereza la zamani lililofungwa 1991 ni urithi wa dunia, ila ziara zake zinalipiwa na historia yake ni nzito kwa wa miaka 5. Kwake yeye, nendeni Round House, jengo la 1831 juu ya Bathers Beach, ambako saa saba mchana hupigwa mzinga. Fikeni dakika 15 kabla na mumzibe masikio.

Mvua zikipungua, Septemba hadi Novemba, nyangumi wenye nundu hupita wakirudi kusini na watoto wao. Boti za kuwatazama hutoka Fremantle na Hillarys. Safari hiyo nayo chagueni ya asubuhi.